Darubini pacha

Ni utaratibu wa wanafalaki wa kufunga darubini mbili juu ya tegemeo moja, ili zikusanye kwa pamoja nuru hafifu ya nyota, na usiku mmoja ukazaa picha za masiku mawili. Taabu yake kubwa ni mnepo: bomba moja likilegea kadiri ya unywele, nyota zake huwa mistari, hali picha ya mwenziwe imesalimika. Huko Busi, wilayani Kondoa, mashaka huzidi, kwani ncha ya kusini ya mbingu, ambayo tegemeo sharti lielekezwe kwayo, huinuka nyuzi 5 hivi tu juu ya upeo wa macho, katika vumbi la kiangazi, na Sigma Octantis, nyota iliyo jirani nayo, ni hafifu mno.