Mwenye kukopesha kwa rehani, na baba wa wasichana tano

Horatio Alger, ule Mmarekani wa karne ya 19 aliyeandika vitabu vingi vya vijana maskini wanaoinuka kwa bidii, alikuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa Joseph Seligman, Myahudi mwenye benki kule New York. Alifundisha tena Benjamin Cardozo, aliyeingia mwaka 1932 jaji wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Kumbe hao watu aliwajua kwao nyumbani. Halafu fungua kitabu chake Paul the Peddler, cha 1871: unamkuta Eliakim, Myahudi mzee anayekopesha pesa kwa rehani, roho yake yote iko kwa faranga.

Tunazoea kusema dharau inatoka kwa kutokujua mtu. Alger alijua! Lakini ile sura ilikuwa imezoewa na wasomaji, na yeye aliichukua tu vile ilivyo.

Ilipita muda mrefu. Mama mmoja wa New York, Sydney Taylor, aliyezaliwa 1904 katika familia ya Wayahudi wahamiaji, alikuwa anasimulia binti yake utoto wake kila jioni, juu mtoto hakuona Wayahudi katika vitabu vyake. Akaandika, akafungia karatasi. Bwana yake njo alizituma kwenye shindano bila kumwambia, zikashinda. All-of-a-Kind Family ikatoka 1951: wasichana tano, mwaka 1912, mtaa wa maskini. Mama anaficha vifungo sebuleni ili anayefuta vumbi avitafute pembe zote. Mishumaa ya Sabato inawashwa. Na baba? Ananunua matambara na vyuma vikuukuu. Unaona? Naye ni Myahudi wa vitu vikuukuu, kazi ambayo watu walikuwa wanaichekelea. Lakini hapa tunamwangalia kutoka mezani kwake, na watoto wake ndio wanaomngojea.

Ukweli, kitabu kile kina utamu mwingi kupita. Matusi ya barabarani karibu hayamo. Na mhariri alimwomba aongeze sherehe ya tarehe 4 Julai, ili familia ionekane ya Kimarekani vya kutosha. Taylor alikubali, akaiongeza. Simlaumu, alitaka kitabu kitoke. Ila najiuliza: kuna mtu aliyewahi kumwomba Alger aongeze mishumaa ya Sabato?