Tunasifu Tembo, Mgema Hatumjui



Bila shaka umewahi kutazama filamu ukaona uso wa mwigizaji unang'aa, na nyuma yake kumefifia kama jioni inaingia. Usidhani kwamba jua lilimpenda yeye peke yake. Baada ya picha kupigwa, fundi wa rangi aliketi mbele ya kompyuta, akamtenga mtu yule na mazingira yake, akamwongezea mwanga yeye na kuupunguza ule wa nyuma.

Zamani kazi hiyo ilikula siku nyingi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020, programu kama DaVinci Resolve zinaifanya kwa msaada wa akili mnemba. Fundi anachora mstari mmoja juu ya mwili wa mtu, nayo mashine inamfuata kila anakokwenda. Mafundi wanashangilia, na wana haki. Lakini leo naomba tuulize swali moja: mashine ilijifunza kwa nani kwamba mtu anaishia hapa na ukuta unaanzia pale?

Ili kulijibu swali hilo, turudi nyuma zaidi ya miaka 100, mjini Paris. Filamu za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na watazamaji walitamani rangi. Georges Méliès, mtengenezaji filamu mashuhuri, alizipeleka filamu zake kwa mama mmoja aitwaye Elisabeth Thuillier. Mama huyu, kwa maelezo yake mwenyewe ya mwaka 1929, alikuwa na wafanyakazi wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alishika rangi yake: huyu nyekundu, yule kijani. Filamu ya Méliès ya mwaka 1902 kuhusu safari ya mwezini ina picha zaidi ya 13,000, kila moja ndogo kuliko stempu ya barua. Ipo nakala yake iliyopakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine.

Biashara ilipopanuka, brashi haikutosha. Kampuni ya Pathé ikaleta kiolezo. Mfanyakazi alichukua nakala ya filamu akaikata kwa ncha kali, akitoa sehemu ya gauni tu, kwa mfano, katika kila picha. Rangi ikapita kwenye tundu na kuangukia gauni, pengine pote pakabaki salama. Rangi tatu zilidai nakala tatu za kukatwa. Mamia ya wanawake walifanya kazi hiyo. Huyo, ndugu msikilizaji, ndiye babu wa ufundi wa leo: kutenga umbo, kulitia rangi, na kuacha mengine yalivyo.

Mwaka 1915, huko Marekani, Max Fleischer aliomba hataza ya chombo kilichorusha picha ya filamu kwenye kioo, mchoraji akaifuatisha kwa kalamu. Kilibuniwa kwa ajili ya katuni, lakini mbinu yake ikaja kutumika kuwatenga watu katika filamu za kawaida. Wengi wanalikumbuka koti jekundu la mtoto katika Schindler's List ya mwaka 1993, filamu ambayo karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Hata kompyuta zilipoingia, ilibidi mtu akae akisahihisha mstari picha kwa picha, na sekunde moja ya filamu ina picha 24.

Sasa tufike kwetu. Aprili 2023 kampuni ya Meta ilitangaza mashine yenye uwezo wa kutenga karibu kitu chochote katika picha. Sisemi kwamba programu zote za rangi zimetokana na hiyo. Kila kampuni ina jungu lake. Lakini watafiti wa hii waliandika jinsi walivyoifundisha. Walitumia watu 130, wote wakiwa Kenya. Watu hao walikaa mbele ya kompyuta wakiweka mipaka: hii ni miguu ya kiti, hili ni sikio la mbwa. Katika hatua ya kwanza walitenga maumbo milioni 4.3. Mwanzoni umbo moja lilichukua wastani wa sekunde 34. Mashine ilivyozidi kuelewa na kuwasaidia, zikashuka hadi 14.

Kisha mashine ikahitimu. Mwisho wa kazi yalipatikana maumbo bilioni 1.1, na zaidi ya asilimia 99 iliyachora yenyewe. Mwanafunzi akamwambia mwalimu: asante, sasa naweza.

Sipingi mashine. Kijana anayepiga video za harusi kwa kompyuta moja ya mkopo sasa anaweza kuunusuru uso wa bibi harusi uliomezwa na giza la ukumbi, na kazi ya wiki ikaisha jioni moja. Hiyo ni neema.

Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumepata dawa ya ugonjwa huo: tunasifu tembo tu, mgema hatumtaji kabisa. Wale wanawake wa Paris walipaka rangi mwezi wa Méliès, na majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Baada ya zaidi ya miaka 100, taarifa ya watafiti ina majina ya waandishi wake. Ya wale 130 imetaja idadi yao na nchi yao.

Filamu inapokwisha, majina hupanda kwenye kioo, hata ya dereva na mpishi. Siku nyingine usiinuke haraka. Yasome mpaka mwisho, kisha jiulize ni nani hakuandikwa.