Gary Lineker: Kutoka Kuajiriwa hadi Kumiliki Kipindi

Gary Lineker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986 kwa mabao 6, alistaafu soka mwaka 1994. Mwaka 1999 alirithi kiti cha Des Lynam kwenye Match of the Day ya BBC. Shirika hilo lilipotangaza mishahara ya watangazaji wake mwaka 2017, yeye alikuwa juu ya pauni milioni 1.75, mwaka 2020 akakubali kupunguziwa hadi milioni 1.35.

Lakini mshahara ulikuwa nusu ya hadithi tu. Alikuwa pia mwanzilishi mwenza wa Goalhanger, kampuni inayotengeneza podikasti kama The Rest Is History na The Rest Is Football. Mwajiriwa hulipwa kwa sauti na sura yake. Mwenye kampuni hubaki na kipindi chenyewe, hata bosi akikasirika.

Na bosi alikasirika. Machi 2023 alisimamishwa kwa kukosoa sera ya wakimbizi ya serikali. Wenzake wakagoma, kipindi kikarushwa dakika 20 bila mtangazaji. Mei 2025 aliondoka kabisa, baada ya kusambaza video kuhusu Uzayuni yenye picha ya panya, alama ya zamani ya kuwadhalilisha Wayahudi. Aliomba radhi. Kiti chake wamegawana watatu: Kelly Cates, Mark Chapman na Gabby Logan.