Nakala ya gari la mbio la zamani

Nakala ya gari la mbio la zamani ni gari jipya linaloundwa kwa kufuata umbo na mitambo ya gari maarufu la mashindano. Kazi yake kubwa ni kukimbizwa bila hofu. Gari halisi ni ghali mno: Jaguar D-Type iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1956 iliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 21.78, nani atathubutu kuibamiza ukutani? Bodi ya alumini ya nakala ikibonyea, fundi huigonga nyundo, safari ikaendelea. Mwaka 2018 kampuni ya Jaguar yenyewe ilitangaza kuunda magari 25 mapya ya D-Type, ili kutimiza 100 yaliyokusudiwa awali. Bei ya nakala hutegemea ufundi na ukweli wa hati zake. Ikiuzwa kama gari la asili, hiyo ni ghushi.