Vimelea vya nyoka vinavyoweza kumwingia binadamu

HATARI ya nyoka kwa binadamu haiishii kwenye sumu. Vipo vimelea vinavyoishi ndani ya mwili wa nyoka ambavyo, kwa nadra, humwingia mtu kupitia nyama isiyoiva, mikono michafu au mboga zisizooshwa.

Kinachojulikana zaidi barani Afrika ni Armillifer. Kina umbo la mnyoo wenye pete nyingi mwilini, lakini kwa nasaba kiko karibu zaidi na kaa na kamba. Maambukizi ya jamii hii kwa binadamu yaligunduliwa mjini Cairo, Misri, mwaka 1847.

Armillifer aliyekomaa huishi katika mapafu ya chatu na moma. Mayai yake hutoka pamoja na mate na kinyesi cha nyoka, humezwa na panya, na viluwiluwi hukaa mwilini mwa panya huyo hadi aliwe na nyoka mwingine. Binadamu akiyameza mayai hayo hushika nafasi ya panya. Viluwiluwi hutoboa utumbo na kujificha kwenye ini, mapafu au utando wa tumbo, ambako hatimaye hufa na kukauka kama chokaa. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu, katika picha ya eksirei.

Waathirika wengi hawaoni dalili yoyote. Hata hivyo, viluwiluwi vikiwa vingi huleta maumivu ya tumbo, na kimoja kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Huko Sankuru, katikati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako nyama ya nyoka huliwa, wagonjwa wa tumbo na wa macho wameripotiwa. Dawa iliyothibitishwa haipo. Anayezidiwa hufanyiwa upasuaji.

Si lazima mtu amguse nyoka. Mwaka 2022, madaktari mjini Canberra, Australia, walitoa mnyoo hai wa sentimita 8 katika ubongo wa mwanamke. Mnyoo huyo, Ophidascaris robertsi, huishi ndani ya chatu, na hakuwahi kuonekana kwa binadamu kabla ya hapo. Inadhaniwa mgonjwa alimeza mayai yaliyokuwa kwenye mboga za porini.

Kuivisha nyama huua vimelea, lakini anayeichuna na kuikata anaweza kuambukizwa kabla haijafika motoni. Kwa hiyo mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni, na mboga za porini zioshwe vizuri na kupikwa.