Mmisionari na Wakati wa Kuondoka

Henry Venn, aliyekuwa katibu wa Church Missionary Society (CMS), shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, tangu 1841 hadi 1872, alishikilia kwamba misheni huanzishwa ili siku moja ifikie kikomo. Kwa maoni yake, misheni, yaani kazi ya muda ya wahubiri wageni, haikuwa sawa na kanisa, yaani jumuiya ya kudumu ya waumini wa mahali. Na pale kanisa linapoweza kujitawala, kujigharimia na kuieneza imani lenyewe, mmisionari hana budi kulikabidhi kwa wachungaji wazalendo na kuelekea kule ambako Injili haijafika. Rufus Anderson wa Boston, nchini Marekani, alifikia wazo hilo hilo katika miaka iyo hiyo.

Mpango huo ulijaribiwa Afrika Magharibi. Mwaka 1864 Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyekombolewa katika merikebu ya watumwa akiwa bado kijana mdogo, aliwekwa wakfu huko Canterbury kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kianglikana, akaiongoza misheni ya Mto Niger kwa kutegemea watendakazi Waafrika. Venn alipokwisha kufariki, walifika vijana wa Kiingereza wenye ari kubwa lakini wasio na imani na wenzao Waafrika, nao mwaka 1890 wakawasimamisha kazi wasaidizi kadhaa wa askofu huyo mzee. Crowther alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na kiti chake akapewa Mzungu. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila uchungu, kwa maana waumini wa Niger walikuwa wamekwisha kukabidhiwa kanisa lao, kisha wakapokonywa.

Aliyeichambua kwa kina zaidi hali hiyo ya wamisionari kushindwa kuondoka ni Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyehudumu kaskazini mwa China tangu 1895, na aliyekuwamo Beijing wakati wa uasi wa Boxer wa 1900, ambapo wageni na Wakristo Wachina walizingirwa kwa majuma kadhaa. Katika kitabu chake cha 1912 kuhusu mbinu za Mtume Paulo, Allen alionyesha kwamba Paulo, katika muda wa takriban miaka kumi tu, alianzisha makanisa katika majimbo manne ya Dola ya Kirumi, akaweka wazee katika kila mji, akawaachia mafundisho ya msingi pamoja na sakramenti, yaani ubatizo na Meza ya Bwana, kisha akaenda zake. Wamisionari wa zama za Allen walifanya kinyume: walijenga kituo cha misheni chenye shamba, shule, hospitali na nyumba ya kasisi, na mali hiyo ikawafunga wao wenyewe, kwa sababu mwenye kusimamia majengo na mishahara hapati kamwe siku ya kusema kwamba kazi imekwisha.

Hoja ya Allen haikuwa ya utawala peke yake. Aliamini kwamba kukawia kuondoka ni upungufu wa imani katika Roho Mtakatifu, kana kwamba Roho aliyemwongoza mhubiri hawezi kuwaongoza waliohubiriwa, na ndiyo maana alitaka wazee wa mahali, wenye kuishi kwa kazi za mikono yao bila mshahara wa kanisa, wapewe daraja la ukasisi badala ya waumini kungoja kwa miezi mingi kasisi mgeni awapitie. Alikiri kwamba makanisa yaliyoachwa mapema yangekosea, kama walivyokosea Wakorintho. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho barua, hakuwanyang'anya mamlaka. Hapo ndipo penye nguvu ya hoja yake, kwa kuwa kuondoka alikokufundisha hakukuwa kutelekeza.

Katika miaka ya 1930 Allen alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili uzeeni, na akafasiri kwa Kiingereza maandishi ya Waislamu wa pwani, ukiwemo Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed Abdallah el Buhry. Alifariki Nairobi mwaka 1947, huku vitabu vyake vikiwa na wasomaji wachache.

Mwaka 1971 wito wa wamisionari kuondoka ulitoka kwa wale waliopelekewa wamisionari. John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) na mtu wa Uamsho, ile harakati ya toba iliyoenea kutoka Rwanda na Uganda, aliwaambia Wakristo waliokusanyika Milwaukee, Marekani, kwamba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili pande zote mbili zipate kuutafakari upya uhusiano wao. Mkutano wa AACC, jumuiya ya makanisa ya Kiafrika, uliofanyika Lusaka mwaka 1974, uliunga mkono usitishaji huo kwa watu na kwa fedha pia. Wapinzani walidai kwamba ni kukana agizo la Kristo la kwenda ulimwenguni kote. Hata hivyo, miezi michache baadaye Agano la Lausanne, tamko la Wakristo wa kiinjili waliokutana Uswisi, lilikubali kwamba kupunguza wamisionari na fedha za kigeni huenda wakati mwingine kukahitajika ili kanisa la mahali lijitegemee. Katika PCEA, Gatu aliufanya wito huo kuwa kazi ya kila usharika kupitia mpango ulioitwa Jitegemea, ambao uliwataka waumini wenyewe wabebe gharama za wachungaji wao na za majengo yao.