Dhahabu ya Sekenke na Sarafu Isiyoshikika

Katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, pana mahali paitwapo Sekenke, ambapo dhahabu iligunduliwa zama za utawala wa Wajerumani. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliizingira pwani kwa manowari, na fedha kutoka Ulaya ikaadimika. Wajerumani wakapiga chapa noti za muda. Na mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, dhahabu ya Sekenke ikafuliwa sarafu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000, zenye sura ya tembo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliiteka Tabora. Kadiri dola ya Wajerumani ilivyoshindwa, noti zake zilipoteza thamani. Bali dhahabu haikukosa mnunuzi. Hapo twajifunza kwamba fedha husimama juu ya moja ya nguzo mbili: thamani ya kitu chenyewe, au neno la dola.

Ama Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, haina hata moja kati ya hizo. Watumiaji wake husema kuwa nayo huchimbwa, lakini sururu yake ni hesabu nzito za kompyuta, na kanuni yake hairuhusu zipite milioni 21. Nguzo yake ni imani ya watu katika daftari moja litunzwalo na kompyuta nyingi duniani, ambalo hapana mtu mmoja awezaye kulifuta.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini, na kwamba kuuza, kutangaza na kutumia sarafu hizo ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliihimiza Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Kodi haitozwi juu ya biashara isiyokuwapo.

Basi katazo lile lilifanya nini? Daftari lisilo na ofisi halikufungwa. Kilichofungwa ni mlango wa mashitaka. Tumfikirie mkulima wa alizeti wa Singida, aliyegeuza mapato ya mavuno yake kuwa sarafu hizo kwa simu yake, kisha akadhulumiwa na dalali. Ataogopa kwenda polisi, maana kumshitaki mwizi ni kujishitaki mwenyewe. Katazo lililokusudiwa kumkinga yeye limemkinga aliyemwibia.

Mwenye noti ya mwaka 1916 alipata hasara kwa kuiamini dola iliyoondoka. Mkulima huyu dola yake ipo, na yatoza kodi. Hapana budi, basi, imsikilize pia anapodhulumiwa.